Ploti, mandhari na wahusika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasomaji wa hadithi Kigoma

Maswali haya yanaulizwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wa Ujiji, Mwanga na Kasulu, na vijana wanaotunga hadithi kwenye simu zao. Yanaulizwa pia na watu wazima waliomaliza shule zamani ambao bado hawaachi kusoma riwaya. Darasani tumezoeshwa kuyatenga mambo haya matatu: ploti kwenye daftari ukurasa huu, mandhari ukurasa wa pili, wahusika ukurasa wa tatu. Majibu ya hapa yanakwenda njia nyingine. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linaloeleweka mpaka uone linavyoyasukuma yale mawili mengine.

Kwanza, hadithi ya mfano

Ili tusizungumze hewani, tutatumia hadithi fupi ya kubuni iliyotungwa kwa ajili ya ukurasa huu tu.

Ni Mei 2024, Kibirizi, ufukweni huku Kigoma. Ziwa Tanganyika linakaribia kufungwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15, ili samaki wapate kuzaliana. Mama Riziki, mchuuzi wa dagaa, alishampa Bukuru, kijana mwenye mtumbwi, fedha za kununulia taa mpya, kwa makubaliano kwamba dagaa wote atakaowavua kabla ya ziwa kufungwa watakuwa wake. Bukuru alizinunua taa, lakini mdogo wake akaugua ghafla, naye akaziuza ili alipie matibabu. Hakumwambia Mama Riziki. Usiku wa tarehe 14 anaazima taa za mjomba wake, anaingia ziwani na wenzake huku upepo wa kusi ukivuma. Alfajiri anarudi na ndoo moja. Mama Riziki anamsubiri ufukweni. Anapima, anamlipa bei kamili bila kukata chochote, kisha anamwambia asimpelekee tena dagaa.

Ploti si ndiyo muhtasari wa hadithi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteza alama. Muhtasari unaeleza nini kilitokea, kisha nini, kisha nini. Ploti, au msuko, inaeleza kwa nini hiki kilizaa kile. Angalia sentensi hizi: "Bukuru aliuza taa. Akaingia ziwani usiku wa upepo." Hayo ni matukio mawili yaliyokaa jirani. Sasa angalia hii: "Kwa kuwa Bukuru aliuza taa na hakuwa na ujasiri wa kusema, alilazimika kuingia ziwani usiku ambao wengine walibaki nyumbani." Hapo ploti imeanza.

Kuna jaribio rahisi la kupima ploti. Toa tukio moja, uone kama yaliyobaki yanaanguka. Ukiondoa ugonjwa wa mdogo wake Bukuru, taa haziuzwi, hakuna siri, Mama Riziki hana sababu ya kumkataa. Tukio hilo limebeba hadithi nzima ingawa lilichukua sentensi moja. Lakini tukisema kwamba njiani kuelekea mtumbwini Bukuru alipita kwa muuza chapati akala mbili, ukaondoa chapati hizo, hakuna kinachobadilika. Si kwamba chapati hazina kazi. Zinaweza kutuonyesha Kibirizi ya usiku inavyonukia, au kwamba kijana huyu bado ana hamu ya kula ingawa ana hofu. Kazi hiyo ni ya mandhari na ya mhusika, si ya ploti. Msomaji mzuri anajua tukio analolisoma limewekwa kwa kazi ipi.

Jambo jingine: ploti inategemea mwandishi amechagua kukuambia lini. Katika muhtasari wetu umejua mapema kwamba taa zimeuzwa. Hadithi hiyohiyo ingeweza kuanza ufukweni alfajiri, Mama Riziki akisubiri, sisi tukiwa hatujui lolote kuhusu taa. Matukio ni yaleyale, lakini taharuki ni tofauti kabisa. Tukijua siri, tunamwonea Bukuru huruma tangu mwanzo na tunahofia atakapokamatwa. Tusipoijua, tunajiuliza kwa nini kijana huyu anaogopa kumtazama usoni mwanamke aliyemfadhili. Ukisoma riwaya yoyote, jiulize: habari hii nimepewa sasa, kwa nini sikupewa kurasa kumi nyuma?

Msago, rejea, rukia: ni lazima niyajue majina hayo?

Kwa mtihani, ndiyo. Msago ni muundo wa moja kwa moja, matukio yanafuatana kama yalivyotokea. Rejea unaanzia mbele kisha unarudi nyuma. Rukia unaruka kutoka kisa kimoja hadi kingine, pengine visa viwili vinakwenda sambamba kisha vinakutana.

Kwa msomaji, kulitaja jina ni kuanza tu. Ukiandika "mwandishi ametumia muundo wa rejea" ukaishia hapo, hujasema kitu. Endelea: kurudi nyuma huko kumekupa nini ambacho usingekipata kama hadithi ingekwenda moja kwa moja?

Kilele kiko wapi? Darasani tunabishana kila siku.

Mnabishana kwa sababu mmezoea kukitafuta penye kelele nyingi. Ukiwauliza watu kumi kilele cha hadithi yetu, wengi watajibu: ziwani, upepo ulipokuwa unavuma na mtumbwi ukiyumba. Hatari ya kufa ipo pale, kwa hiyo inaonekana kama kilele.

Lakini mgogoro wa hadithi hii si kati ya Bukuru na ziwa. Ni kati ya Bukuru na ahadi aliyoivunja, na mwenye ahadi yuko nchi kavu. Dhoruba inaongeza hofu, inamchosha, inampunguzia dagaa, yote haya yakimsogeza kuelekea ufukweni. Kilele ni pale Mama Riziki anapohesabu fedha na kumlipa bei kamili. Wakati huo bado hatujui kama anamsamehe au anamwadhibu. Sentensi yake ya mwisho ndiyo inayotatua.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kilele, tafuta mgogoro. Nani anataka nini, na nini kinamzuia? Kilele ni mahali ambapo swali hilo haliwezi tena kuahirishwa. Katika riwaya ndefu panaweza kuwa na vilele vidogo kadhaa na kimoja kikubwa, na wasomaji wawili makini wanaweza kutofautiana. Hilo si kosa, mradi kila mmoja aonyeshe mgogoro anaouzungumzia.

Mandhari si mahali tu?

Mahali ni sehemu yake. Mandhari ni mahali, wakati, hali ya hewa, kazi za watu, mila zao na hata sheria zinazowabana. Hadithi yetu ingesema tu "kando ya ziwa" ingekufa. Tuitazame kwa karibu.

Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa sababu dagaa wanafuata mwanga. Taa zinawashwa juu ya maji, samaki wanakusanyika chini yake, wavu unainuliwa. Kama mbalamwezi imetanda, mwanga wa taa hauna nguvu tena, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi inapumzika. Kila mtu wa Kibirizi anajua hivyo bila kufundishwa, na kalenda ya mwezi ndiyo kalenda ya mifuko yao. Sasa rudi kwa Bukuru. Usiku wa tarehe 14 Mei 2024 mwezi ulikuwa unakaribia nusu, ukitua ziwani kama saa sita za usiku. Maana yake giza la kuvulia lilianza usiku wa manane, na alfajiri haikuwa mbali. Saa chache hizo ndizo zote alizobakiwa nazo kabla ziwa halijafungwa. Mwandishi anayejua mwezi ulikuwa wapi usiku ule hahitaji kuandika "Bukuru alikuwa na haraka". Anga limeshasema.

Kisha ipo sheria. Kufungwa kwa ziwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti kulikubaliwa na nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Katika hadithi yetu, tarehe hiyo ni sehemu ya mandhari kama ulivyo mchanga wa ufukweni, na ndiyo inayomnyima Bukuru nafasi ya kulipa kidogokidogo. Kama kisa hiki kingetokea Februari, angesema, "Mama, nivumilie, mwezi ujao nitakulipa," na hadithi ingeishia hapo.

Hivyo ndivyo mandhari inavyotengeneza ploti. Unapoulizwa umuhimu wa mandhari, usijibu kwamba "inapamba kazi". Jiulize: kisa hiki kingehamishiwa Tabora mjini, mbali na ziwa, nini kingevunjika? Kila kinachovunjika ni kazi ya mandhari. Kama hakuna kinachovunjika, basi mandhari ya kitabu hicho ni dhaifu, na una haki ya kuandika hivyo.

Na wakati? Unaathiri vipi?

Unaathiri sana, hasa kwa mji kama wetu ambao historia yake inajulikana kwa miaka. Mtu anatunga hadithi ya Ujiji ya mwaka 1871, mwaka ambao Stanley alimkuta Livingstone pale. Wahusika wake hawawezi kupanda treni, kwa sababu reli ya kati ilifika Kigoma 1914. Watakwenda kwa miguu na misafara, kwa miezi, kupitia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kila habari inayotoka pwani itawafikia ikiwa imeshachakaa. Uongo unaweza kuishi muda mrefu katika hadithi ya namna hiyo, kwa kuwa ukweli unatembea polepole. Hapo wakati umeshaanza kusuka ploti.

Au chukua hadithi ya msichana anayesafiri ziwani kwa meli kwenda kusini mwaka 1920. Kama meli yenyewe ni ile tunayoiita Liemba, mwandishi amekosea. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa Kigoma ikiwa vipandevipande na kuunganishwa hapa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na kuanza kazi upya 1927. Mwaka 1920 haikuwa kazini. Msichana yule atafute mtumbwi, na akitafuta mtumbwi, safari yake inakuwa hadithi nyingine kabisa.

Mwandishi akikosea jambo dogo la mandhari, kuna ubaya gani? Si ni hadithi ya kubuni?

Kubuni hakumpi mtu ruhusa ya kutojua. Zipo hadithi ambamo jua linachomoza kutoka ziwani Kigoma. Jua kwetu linazama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na linachomoza nyuma yetu, upande wa nchi kavu. Zipo nyingine ambamo wavuvi wa Ujiji wanasubiri maji yajae ndipo watoe mtumbwi. Kupwa na kujaa ni mambo ya Bahari ya Hindi, huku ziwani hatuna. Msomaji wa Dodoma huenda asigundue. Msomaji wa Kibirizi anafunga kitabu, kwa sababu akishaona mwandishi hakufika mahali anapopasimulia, haamini tena hata machozi ya wahusika.

Hata hivyo, mwandishi anaruhusiwa kabisa kubuni mtaa usiokuwepo, duka lisilokuwepo, hata kijiji kizima kati ya Ujiji na Uvinza. Asichoruhusiwa ni kukosea namna mahali panavyofanya kazi.

Vipi kama nchi yenyewe ni ya kufikirika?

Sheria ni ileile. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ni nchi iliyo angani, wala hakuna anayeidai ramani. Lakini ina baraza, mfalme, waziri na mashtaka, na mambo hayo yanafuata utaratibu unaoeleweka tangu mwanzo hadi mwisho. Nchi ya kubuni inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu msomaji hana jirani wa kumuuliza.

Mhusika bapa na mhusika duara wanatofautianaje, na je, bapa ni mhusika mbaya?

Mgawanyo huu ulienezwa na E. M. Forster, mwandishi wa Uingereza, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927. Bapa amejengwa juu ya sifa moja na habadiliki. Duara ana pande nyingi na anaweza kutushangaza kwa jambo tunaloliamini. Walimu wetu wameongeza shinda, anayesimama katikati na kuwategemea wengine ili aonekane.

Bapa si mhusika mbaya. Huyo waziri wa Kusadikika anaitwa Majivuno, na jina limeshatuambia kila kitu. Hiyo ndiyo mbinu ya majina majazi, na katika hadithi inayotaka kutufunza kuhusu haki na dhuluma, mhusika wa namna hiyo anafanya kazi yake barabara. Shida inakuja bapa anapowekwa penye nafasi ya duara. Tuseme Mama Riziki angekuwa mchoyo tu: anapiga kelele, anadai fedha, anamtukana Bukuru mbele ya watu. Tungemchukia na hadithi ingeisha bila kutuachia swali. Kwa kuwa anamlipa bei kamili, tunagundua mtu mwenye haki isiyo na huruma, au pengine mwenye huruma anayekataa kudanganywa mara ya pili. Yote mawili yanaaminika. Hapo ndipo uduara ulipo.

Na angalia kosa moja linalorudiwa sana: kudhani duara ni lazima abadilike. Mama Riziki habadiliki hata kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni sisi tunaomjua zaidi.

Nitajuaje tabia ya mhusika kama mwandishi hakuitaja?

Kwa anayosema, anayotenda, anayonyamazia, na wengine wanavyomchukulia. Soma kipande hiki cha alfajiri ile:

Bukuru aliiweka ndoo mchangani, katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Taa ziko wapi?"

"Ziko nyumbani."

Mama Riziki aliitazama mikono yake. "Hujambo lakini? Maana unatetemeka."

"Baridi ya ziwani, mama."

"Haya. Lete nipime."

Hakuna sifa hata moja iliyotajwa hapo. Sasa tuchambue. Bukuru hamkabidhi ndoo mkononi, anaiweka chini katikati yao, kama mtu anayeweka uzio. Amesalimia kwanza, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyopaswa, na anamwita "mama" mara mbili. Heshima ile ni ya kweli, ila safari hii anajifichia ndani yake. Mama Riziki anaitikia kwa neno moja, kisha swali lake la kwanza halihusu samaki, wala upepo, wala usiku ulivyokuwa. Linahusu taa. Mwanamke wa Kibirizi aliyeona mtumbwi ukirudi anajua taa zipi ni za nani. Inawezekana sana alishajua kabla hajauliza, na swali lilikuwa mlango aliomfungulia kijana aseme ukweli.

Bukuru anadanganya. Mama Riziki hamwiti mwongo. Anamuuliza hali yake, na huo ni mlango wa pili. Kijana anaupita huo pia. Ndipo linakuja lile "Haya". Msomaji anayepita haraka ataliona ni neno la kawaida. Ukilisoma pale lilipo, baada ya milango miwili kufungwa, ni hukumu. Kinachofuata, bei kamili na kukatwa kwa uhusiano, kimeshaamuliwa ndani ya neno hilo.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndiyo raha yenyewe ya kusoma, na ndiyo tunayoiharakisha kuliko zote tunapowafundisha watoto kuorodhesha "mkweli, mchapakazi, mwenye huruma". Sifa moja iliyothibitishwa kwa mazungumzo mafupi kama hayo ina thamani kuliko sita zilizoorodheshwa.

Basi mhusika mkuu ni nani, Bukuru au Mama Riziki?

Bukuru. Yeye ndiye anayetaka kitu, anayechagua, na anayebeba matokeo kutoka tukio hadi tukio. Mama Riziki ana uzito mkubwa lakini tunamwona kupitia hofu ya Bukuru. Usimtafute mhusika mkuu kwa kuhesabu kurasa alizotajwa, wala kwa wema wake. Nguli wa riwaya anaweza kuwa mtu usiyependa kumkaribisha nyumbani.

Msimulizi na mwandishi ni mtu mmoja?

La. Mwandishi yuko nje ya kitabu, msimulizi yumo ndani, hata asipotajwa jina. Hadithi yetu imesimuliwa kwa nafsi ya tatu, na msimulizi anajua ya Bukuru lakini hatuingizi moyoni mwa Mama Riziki. Angetuingiza, lile "Haya" lingepoteza nguvu yote, maana tungeshasikia anavyofikiri. Bukuru mwenyewe angesimulia kwa nafsi ya kwanza, pengine asingetuambia habari ya taa mpaka mwisho, na tungekuwa na msimulizi wa kutiliwa shaka. Kwa hiyo usiandike "mwandishi anasema wanawake ni wakatili" kwa sababu tu mhusika fulani amesema hivyo. Angalia nani anasema, kwa nani, na hadithi yenyewe inamuunga mkono au inamkanusha.

Kipi muhimu zaidi, ploti au wahusika?

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliiweka ploti mbele na tabia za wahusika nyuma yake, alipokuwa akizungumzia tanzia. Waandishi wengi wa riwaya tangu karne ya 19 wameegemea upande wa pili. Kwa maoni yangu swali linatenga visivyotengeka. Bukuru aliuza taa kwa sababu ni mtu wa namna ile, na tulimjua ni mtu wa namna ile alipouza taa. Kijana mwingine angekwenda kwa Mama Riziki usiku uleule, akaeleza, na mwingine angemtelekeza mgonjwa. Badilisha tabia, ploti inabadilika.

Utaona kasoro hii wazi katika hadithi nyingi za kwenye simu. Mhusika ni mpole kwa sura ishirini, kisha sura ya ishirini na moja anaua mtu, kwa kuwa mtunzi alihitaji mauaji. Wasomaji wanalalamika kwamba "imekuwa ya uongo". Wako sahihi, ingawa mauaji hutokea kila siku duniani. Uongo uko kwenye mhusika, si kwenye tukio.

Kuna riwaya isiyo na ploti?

Zipo zinazokataa ploti ya kawaida. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alifanya hivyo katika Nagona na Mzingile, ambamo matukio yanafuatana kwa mantiki ya ndoto na hoja za kifalsafa. Usianzie huko kama ndiyo kwanza unajifunza. Zisome baadaye, ukishazoea ploti za kawaida, utaona kilichovunjwa na kwa nini.

Kwenye mtihani nijibuje swali la mandhari au wahusika?

Mara nyingi utatakiwa kutumia riwaya mbili na kutoa hoja kutoka kila moja. Kila hoja iwe na vitu vitatu: dai, ushahidi kutoka kitabuni, na maelezo ya ushahidi huo umefanya nini. Wanafunzi wengi wana viwili vya kwanza. Cha tatu ndicho kinachokosekana.

Aya inaweza kuwa hivi: "Mandhari ya hadithi imechochea mgogoro. Kisa kinatokea Kibirizi katika usiku wa mwisho kabla ya ziwa kufungwa, na Bukuru anaingia majini ingawa upepo wa kusi unavuma. Ufupi wa muda huo umemnyima nafasi ya kulipa deni taratibu, ndiyo maana anachagua hatari badala ya kukiri." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye alama. Usisimulie kitabu kizima kwa hofu ya kuonekana hukukisoma. Msahihishaji anakijua.

Na usikariri sifa za wahusika kutoka vitini vya mtaani kabla hujasoma riwaya yenyewe. Kitini kikikosea jina la mhusika, mnakosea darasa zima kwa namna moja, na msahihishaji anaona.

Natunga hadithi ya mtaa wangu. Nitumie majina halisi ya watu?

Majina ya mahali, tumia: Mwanga, Gungu, Ujiji, Kibirizi, stesheni. Yanaipa hadithi ardhi. Majina ya watu, badilisha, na usibadilishe jina peke yake. Kama jirani yako ni fundi baiskeli mwenye mguu mmoja na umempa jina jingine huku ukimwachia baiskeli na mguu, mtaa mzima umeshamjua kabla ya aya ya pili. Mbadilishie kazi, umri, hata jinsia, kisha uone kama tukio bado linasimama. Kama halisimami bila yeye, basi bado hujatunga mhusika, umemnakili mtu, na itakubidi uende ukamwombe ruhusa.

Ukishambadilisha hivyo, mpe jambo analolitaka na sababu ya kutolipata wiki hii. Andika kwanza mazungumzo yake na mtu mmoja tu anayemheshimu, bila kutaja sifa hata moja ya wote wawili, kisha mpe mtu asiyeujua mtaa wenu ayasome na akueleze hao ni watu wa namna gani.